Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Programu za Wavuti kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Mengi tuliyojifunza utayaona kwenye meza za maonyesho. Risala hii tumeitengea jambo lisiloonekana kwa macho: ufunguo wa siri wa programu.

Mheshimiwa, programu nyingi za wavuti hutumia ufunguo huo kusaini kuki za walioingia, yaani vipande vya taarifa ambavyo kivinjari hutunza ili mtumiaji atambulike. Anayeunasa anaweza kujitengenezea kuki na kuingia kwa jina la yeyote, hata la msimamizi. Mazoea ya wengi ni kuuandika ndani ya msimbo, kisha msimbo unapelekwa Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo. Kuufuta baadaye hakusaidii, maana Git hutunza historia; dawa ni kuubadilisha. Kuuchomeka wakati wa kujenga imeji ya kontena, yaani kifurushi cha programu na mahitaji yake, nako ni yale yale, maana unabaki humo.

Tulichofundishwa ni kuikabidhi programu ufunguo pale inapowashwa kwenye seva. Kwa Flask, zana ya Python ya kutengeneza programu za wavuti, unatosha mstari mmoja unaousoma ufunguo kutoka kwenye vigeu vya mazingira, yaani thamani ambazo programu hukabidhiwa inapowashwa:

app.secret_key = os.environ["SECRET_KEY"]

Ufunguo ukikosekana, programu inagoma kuwaka. Na igome! Afadhali hivyo kuliko iendelee kimyakimya na ufunguo wa majaribio. Wapo wanaoiacha ijitungie ufunguo mpya kila inapowashwa. Kwenye kompyuta ya mwanafunzi hilo linapita, lakini kwenye seva yenye michakato minne, yaani nakala nne za programu zinazofanya kazi kwa pamoja, kila mchakato unaweza kuwa na wake: mtumiaji anaingia, anabofya, anaambiwa aingie tena. Kubadilisha ufunguo nako kumerahisishwa; tangu toleo la 3.1 la mwaka 2024, Flask huweza kuendelea kuutambua ule wa zamani kupitia SECRET_KEY_FALLBACKS, watumiaji wasitolewe wote kwa mkupuo.

Pamoja na mafanikio hayo, tunayo changamoto. Seva yetu ya mazoezi ina akaunti moja tunayoitumia sote. Kwenye Linux, mwenye akaunti akifungua faili la environ ndani ya /proc, folda yenye taarifa za programu zinazoendeshwa, anasoma vigeu vya mazingira vya kila programu inayoendeshwa na akaunti hiyo. Kwa hiyo siri za kila mmoja wetu ziko wazi kwa darasa zima.

Tunakuomba utusaidie kupata seva ambayo kila mwanafunzi atakuwa na akaunti yake, pamoja na mtaalamu wa kutufungia mfumo wa kuhifadhi siri kabla wenzetu wa awamu ijayo hawajaanza.

Tunaomba kuwasilisha.