Ami anataka niache kozi ya mifugo kwa sababu ya nguruwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa Kisauni, Mombasa, nasomea sayansi ya wanyama katika chuo kikuu kimoja cha bara. Tumefunga, niko nyumbani, na muhula ujao naingia mwaka wa tatu.

Kozi hii niliichagua mwenyewe na naipenda kwa dhati. Ukame wa 2022 uliwamalizia ng'ombe ndugu za mama huko Kinango. Waliobaki mifupa waliuzwa kwa bei ya kutupa. Chuoni nimefundishwa kukata nyasi wakati wa mvua na kuzivundika ziwe sileji ya kiangazi. Nimejua kwamba katika tumbo la ng'ombe lenye sehemu nne, ile kubwa imejaa vijidudu vinavyovunjavunja nyasi kavu, na vikipata protini kidogo hata mabua ya mahindi humfaa mnyama. Haya ndiyo ninayotaka kuwaletea wafugaji wa Pwani, pamoja na ng'ombe wanaohimili joto letu, kama Boran na Sahiwal.

Sasa mwaka wa tatu kuna somo la ufugaji wa nguruwe, nalo ni la lazima. Tutapima uzito wa watoto wake na kuwadunga sindano ya madini ya chuma siku chache tu baada ya kuzaliwa, kwa kuwa maziwa ya mama yao hayana madini hayo ya kutosha. Ami yangu, nduguye marehemu baba, ndiye anayejazia karo pale mkopo wa HELB unapoishia. Aliposikia habari hii alisema hatoi shilingi yake ili mtoto wa ndugu yake akashike nguruwe. Anataka nirudi nisomee uuguzi hapa Mombasa. Mama yuko kimya.

Nilimwendea ustadhi aliyenisomesha madrasa. Alinieleza kwamba kula ndiko haramu. Kugusa ni najisi, na najisi hutwaharishwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Tena chuoni kuna glavu na buti za mpira. Nilipomfikishia Ami maneno hayo akanijibu, "Hiyo ni ya mwenye dharura. Wewe dharura yako ni ipi?" Nilikosa la kusema.

Shangazi, Ami ametulea tangu baba afariki, na sitaki kumvunjia heshima. Lakini nikihama naanza upya mwaka wa kwanza, na uuguzi moyo wangu haupo huko. Wapo wanaoniambia nihamie udaktari wa mifugo, eti una hadhi zaidi. Huo ni wa miaka 5, na huko pia nguruwe wapo!

Wenzangu wa kundi wako tayari kushika wanyama huku mimi nikiandika vipimo, ila nahofia mhadhiri ataona naomba upendeleo, na alama za vitendo zinahesabiwa. Je, nimwone yeye kwanza nipate jibu la kumpelekea Ami? Au nimwombe ustadhi aende akazungumze naye, wanaume kwa wanaume? Karo inatakiwa kabla ya chuo kufunguliwa, na sijui nianze na nani.

Mwanafunzi, Kisauni