Visiwa vya Solomon na Vanuatu haviwezi kutegemea FM peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila mjadala wa redio unapozuka, hakosi mtu wa kusema kwamba masafa mafupi (SW) yamepitwa na wakati, kwa kuwa kila mtu sasa ana simu na FM. Kwa mkazi wa Kariakoo, sawa. Kwa taifa la visiwa vilivyotawanyika katika Bahari ya Pasifiki, kauli hiyo inaweza kugharimu maisha ya watu, na hesabu yake ni nyepesi.

Tuchukue Visiwa vya Solomon. Ni visiwa zaidi ya 900, na mji mkuu, Honiara, uko kisiwa cha Guadalcanal. Kutoka hapo hadi Lata, makao makuu ya mkoa wa Temotu, ni bahari ya kilomita 650 hivi. Tikopia iko mbali zaidi, kama kilomita 1,000. Wimbi la FM halipindi kuufuata mviringo wa dunia. Ukiweka antena juu ya kilima cha mita 100, msikilizaji aliye ufukweni atakupata hadi kilomita 45 au 50 tu, basi. Mnara wa simu hali yake ni hiyohiyo. Kuweka FM kila kisiwa ni kuweka mlingoti, sola, betri na fundi wa kupanda boti kila kitu kinapoharibika. Na bado kila mtambo huo mdogo utahitaji njia ya kupata kipindi kutoka Honiara.

Shirika la utangazaji la huko, SIBC, linajulikana kwa wasikilizaji wa masafa mafupi kwa kilohezi 5020 (yaani megahezi 5.02) na mtambo wa kilowati 10. Hapa wengi hupotoka. Wakisikia masafa mafupi wanafikiria sauti ya kutoka London ikivuka mabara. Kazi ya 5020 si hiyo. Antena yake inatakiwa iwe chini, ili wimbi lipande juu karibu wima, ligonge tabaka la anga liitwalo ayonosfia, kilomita 300 hivi kutoka ardhini, kisha lishuke kama maji ya bomba la bustani lililoelekezwa juu. Kwa 5020, waya wa antena ni mita 28.4 ncha hadi ncha, umekatwa katikati pale unapolishwa nguvu ya mtambo, na ukitundikwa mita 15 kutoka ardhini hutawanya wimbi kuanzia utosini hadi pembe ya nyuzi 30 hivi. Pembe ya 40 inashuka Lata, ya chini ya 30 inashuka Tikopia, na ile ya wima inarudi Guadalcanal yenyewe. Milima haizuii kitu, kwa sababu wimbi linaingia bondeni kutoka juu.

Pwani yetu inajua upande wa pili wa mambo haya. Kisiwa cha Mahé, Ushelisheli, kilikuwa na mitambo ya FEBA, redio ya Kikristo, kuanzia 1970 hadi 2003, na kituo cha BBC kuanzia 1988 hadi 2014. Mawimbi yale yalirushwa kwa pembe ya chini yavuke kilomita 1,750 na zaidi, yatue Mombasa na bara. Mtambo wa namna hiyo haumfai mvuvi wa kisiwa cha jirani hata uwe na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo mtu akisema kisiwa fulani “kina masafa mafupi”, muulize kwanza antena inaelekea wapi.

Kosa lililo gumu kulitambua hutokea usiku. Jua likiwapo, ayonosfia inakuwa nzito na inarudisha mawimbi vizuri, ingawa tabaka lake la chini linanyonya kiasi. Likizama, tabaka hilo la chini linatoweka na sauti inapanda ghafla, jambo ambalo kila msikilizaji analijua. Lakini usiku ukisonga, la juu nalo linadhoofika. Kuelekea saa 10 au 11 alfajiri, hasa miaka ambayo jua lina madoa machache, huenda likashindwa kurudisha chochote kinachozidi megahezi 4 kikipanda wima. Hapo wimbi la 5020 linatoboa na kupotelea angani. Lile la pembe ya chini linaendelea kurudi, lakini linatua kuanzia kilomita 450 mbele. Matokeo yake, Lata wanasikia vizuri na Auki, kilomita 110 tu kutoka Honiara, wanasikia mvumo mtupu. Wa Auki watasema mtambo umezimwa, na fundi atakagua mtambo mzima ulio salama. Dawa ni kushuka: megahezi 3 na kitu usiku, kwa antena ya pili ya mita 43, na kurudi juu asubuhi. Jirani zao wa Vanuatu wamekuwa na kilohezi 3945 na 7260 kwa sababu hiyohiyo. Anayepanga bajeti ya mtambo mmoja na antena moja kwa saa 24 amewanyima watu wa karibu tahadhari ya alfajiri.

Tahadhari tunayoisema si ya kufikirika. Desemba 2002 kimbunga Zoe kiliipiga Tikopia, na siku kadhaa zilipita kabla ulimwengu haujajua hali ya watu wake. Machi 2015 kimbunga Pam kiliipiga Vanuatu na kukata simu karibu nchi nzima. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga ilikata waya wa baharini, na Tonga ikakaa wiki 5 bila intaneti yake ya kawaida. Licha ya Zoe na Pam, Radio Australia ilifunga masafa yake mafupi tarehe 31 Januari 2017, kwa hoja kwamba fedha ziende kwenye FM na mtandao. Waziri Mkuu wa Vanuatu wakati huo, Charlot Salwai, alilalamika hadharani. New Zealand ilibaki, ikirusha kutoka Rangitaiki kwa kilowati 100, nasi tunaipongeza. Lakini sauti ya jirani, hata awe mwema namna gani, haiwezi kukutajia kijiji chako na saa ambayo meli itatia nanga. Hilo ni la mtambo wa nyumbani.

Na mtambo wa nyumbani unakufa kwa chumvi kuliko kwa umri. Vile vikombe vya kauri vinavyotenga waya na mlingoti hushika ukoko mweupe. Mchana haudhuru. Umande ukishuka, ukoko unalowa, unapitisha umeme, na cheche zinaanza. Ukisimama chini gizani unaziona, za buluu, zinatambaa juu ya kauri huku zikichirizika kwa sauti ya mafuta ya kukaangia. Nguvu inayorudi kutoka kwenye antena inapanda, na mtambo, kwa kujilinda, unajipunguza wenyewe kutoka kilowati 10 hadi 3 au 2 bila kumwambia mtu. Studioni taa zote zinawaka sawasawa. Visiwani sauti imefifia. Tiba yake ni kuosha kauri kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa na antena imeunganishwa na ardhi, na kusoma mita ya nguvu inayorudi kila zamu na kuiandika daftarini. Namba ikianza kupanda jioni na kushuka mchana, ni chumvi. Ikipanda na kubaki juu, tafuta kiungo cha shaba kilichogeuka kijani, au mmea uliopanda na kugusa waya wa kulishia.

Mafuta nayo yasisahaulike. Mtambo wa kilowati 10 pamoja na feni na kiyoyozi chake unataka kilowati 18 hivi, na jenereta itakunywa lita 5 hadi 6 za dizeli kila saa. Wakati wa dhoruba ni heri kushuka kilowati 5 na kukaa hewani siku mbili kuliko kurusha 10 na kuzimika usiku wa kwanza. Nusu ya nguvu hupunguza usikivu kidogo sana, mtu wa kawaida hatambui. Msomaji wa tahadhari naye asome polepole, jina la kisiwa mara mbili, saa mara mbili, muziki usiwepo chini ya sauti.

Upande wa msikilizaji, kosa la kwanza hufanyika dukani. Redio nyingi ndogo za siku hizi zimeandikwa SW lakini kipimo chake kinaanzia megahezi 5.9. Hiyo haitaipata 5020 wala 3945 milele. Geuza redio, soma namba zilizochapwa kwenye kioo: unataka inayoanzia 2.3, au angalau 3.

Kosa la pili ni bati. Nyumba ya bati huzuia wimbi, kwa hiyo antena ya redio ndani ya nyumba hiyo ni pambo. Vuta waya wenye ngozi wa mita 8 hadi 10 nje, kutoka dirishani hadi mnazini, menya ncha sentimita 2 na uzungushe kwenye antena ya redio. Usivute mita 40 ukidhani unaongeza faida. Redio ya mshale ya bei nafuu ikilishwa kupita kiasi, stesheni kubwa iliyo kilohezi 910 juu hujipenyeza: wewe uko 5020, anayesema ni wa 5930. Ukitaka uhakika, peleka mshale 5930. Ukiikuta sauti ileile ina nguvu zaidi, fupisha waya. Wakati wa radi, ung'oe kabisa na kuutupa nje.

La tatu ndilo jipya na linaenea: sola. Kidhibiti cha chaji, taa za LED na chaja za simu hutoa mlio unaofunika kila kitu chini ya megahezi 10. Watu wanalaumu kituo, kumbe adui yuko ukutani. Washa redio kwa betri, kisha chomoa kifaa kimoja kimoja hadi mlio ukatike. Ukishamjua, mtenge na waya wa antena kwa mita 5 au zaidi, au umzime saa ya habari. Mlio ukikatika jua linapozama na kurudi asubuhi, ni kidhibiti cha sola bila shaka.

Betri mbili kubwa za kawaida, kwa sauti ya wastani na saa 3 kwa siku, zitakufikisha mwezi hivi. Zikiisha zitoe siku hiyohiyo, maana zikivuja karibu na bahari springi zinaliwa ndani ya wiki. Zile za alikali zikivuja, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha juani, kisha weka mpya.

Ndugu Mhariri, ombi letu kwako ni dogo. Mwandishi wako atakapoandika tena kuhusu redio na visiwa, awaulize wahusika mambo matatu: masafa gani ya mchana, masafa gani ya usiku, na ni nani aliyeosha kauri mwezi uliopita.

Mafundi na wasikilizaji wa masafa mafupi,
Tanga