Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: turudishieni kaunsela, jameni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma hapa Kenya, huku vumbi ni lile lile tu. Pole na kazi. Najua uko bize na mikutano ila kitu nimeona Jumanne kimenishinda kumeza, nikasema leo naandika hata mkisema nina mdomo.

Nilimsindikiza kliniki mzee mmoja wa kwetu Kivu Kusini, kule Kongo, mtu mwenye wajukuu. Daktari ni mgeni, mzee naye Kiswahili chake kimejaa Kibembe, hawasikilizani kabisa, basi akaitwa mtoto wa jirani aliyekuwa hapo kwa foleni, kijana wa sekondari, eti atafsiri. Daktari akauliza haya makovu ya mgongo ulipata wapi. Mzee akamuangalia yule mtoto, akaangalia viatu vyake mwenyewe, akasema, "Nilianguka kwa mti."

Akaandikiwa Panadol tukarudi nyumbani.

Mimi sikuanguka kwa mti. Mimi walinipiga nyayo na waya, siku nne, na mpaka leo asubuhi nikishuka kitandani natembea kwa kingo za miguu kama mtu anakanyaga makaa. Eksirei mlinipiga, ikasema mifupa iko sawa, nikaambiwa basi wewe ni mzima. Sawa, mimi ni mzima. Upepo ukipiga mlango wa mabati usiku huyu mzima anajikuta chini ya kitanda na watoto wanamuangalia.

Mheshimiwa, tulikuwa na kaunsela. Mama mpole sana, miezi nane nilikuwa naenda tu kukaa, siongei, na hakunifukuza, mwezi wa tisa ndio nikafungua mdomo. Mwanzo wa 2025 Marekani ilipokata misaada naye hatukumuona tena, nafikiri ni hiyo pesa, wengine wanasema mkataba uliisha, wengine alihamishwa, sijui, hakuna mtu alikuja kutuambia. Tangu hapo nimepewa watu watatu wapya na kila mmoja anafungua faili nyingine anasema "haya tuambie, ilikuwaje?" Hii si hadithi ya sungura na fisi, bosi. Nikiisimulia wiki nzima silali.

Na ulituahidi. Tarehe 26 Juni, siku ya dunia ya sisi tulioteswa, ulikuja na hema, soda na tisheti, ukasema kabla mwaka kuisha kutakuwa na kaunsela wa kudumu na watafsiri waliofundishwa kazi. Mwaka gani hukusema, kosa letu hatukuuliza. Tisheti ninayo bado, nalalia.

Kenya iliingia Mkataba wa kupinga mateso mwaka 1997. Kifungu cha 14 kinataja haki ya aliyeteswa kusaidiwa apone kadiri inavyowezekana, na mwaka 2012 Kamati ya mkataba huo ikafafanua kwamba haijalishi aliteswa nchi gani. Nimesoma haya kwa simu saa nane za usiku, si nimekwambia silali.

Zamani nilikuwa naomba mengi. Niliomba mtu wa fisio wa kuangalia hii miguu, niliomba dawa ya usingizi isiyoisha katikati ya mwezi, niliomba rifaro, ile barua ya kutumwa kwa daktari wa Nairobi, ikatoka kweli, lakini ruhusa ya kutoka kambini ikanifikia siku tisa baada ya tarehe ya daktari. Hizo zote nimeacha, kaeni nazo. Naomba kaunsela mmoja tu anayekaa, na mtafsiri mtu mzima ambaye hatuchoti naye maji bomba moja. Mmoja tu, Mheshimiwa. Hata mara moja kwa wiki.

Mzee ameambiwa arudi Alhamisi. Yule mtoto pia ameshaambiwa afike.

Wako,
Mkimbizi, Kakuma