Majibu ya maabara yako sawa, mbona mwili na moyo bado vimegoma?

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 36, mume na mtoto mmoja wa kike. Mume wangu ni mtu mwema. Hilo nalisema mapema usije ukadhani nimeandika kumshtaki. Shida yangu ni tezi ya thairoidi, hii iliyo shingoni, ambayo kwangu imepungua nguvu. Shingo yangu haijavimba hata kidogo, na wengi wakisikia ugonjwa wa tezi wanatafuta goita. Wasipoiona wanajua najitungia.

Kabla haijagundulika nilitibiwa kila kitu: malaria, taifodi, U.T.I., mpaka vidonda vya tumbo. Mwezi wa kwanza, joto la Morogoro unalijua, wateja wanajipepea na vipande vya boksi, mimi niko kwenye cherehani nimevaa sweta. Choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana, sauti imekuwa nzito, uso umejaa. Majirani wananiambia nimependeza, mume ananitunza. Naitikia ahsante, nikiingia ndani nalia. Daktari mmoja kijana alipoyasikia hayo yote kwa pamoja ndipo akaagiza kipimo cha homoni. TSH ilikuwa 48, wakati kwa kawaida inatakiwa iwe kati ya 0.4 na 4 hivi. Alinieleza vizuri sana, Mungu ambariki: TSH inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kazi yake ni kuihimiza thairoidi, thairoidi ikilegea, himizo linazidi kupanda. Kwangu mimi kinga ya mwili wangu wenyewe ndiyo inayoishambulia. Dawa ni levothairoksini, kila siku, na huenda ikawa ya maisha yote.

Nilianza na mikrogramu 50, sasa niko kwenye 100. Nameza asubuhi kwa maji matupu, nakaa nusu saa hadi saa nzima ndipo ninywe chai. Vidonge vya kuongeza damu navitenga mbali, masaa manne, maana vinazuia dawa kuingia mwilini. Kila dozi ikibadilishwa nasubiri wiki sita hadi nane ndipo napimwa tena. Kipimo cha mwisho TSH imesoma 2.6. Daktari kafurahi, mume kafurahi.

Sasa Shangazi, baridi imeondoka, uso umepungua, choo kimekuwa sawa. Kilichobaki ni uchovu na huu moyo wangu. Nalala usingizi mzima naamka kama sikulala. Ikifika saa nane mchana mikono inakuwa mizito, na huu ni msimu wa sare za shule, oda zimepangana ukutani. Sketi za marinda nilikuwa nakunja huku naongea na wateja watatu. Siku hizi namaliza upande mmoja, nikigeuza wa pili sikumbuki nimeshika upana gani, na alama za chaki ziko pale pale kwenye kitambaa. Nasimama natazama. Binti ninayemfundisha kazi anakuja taratibu, ananichukulia sketi mkononi bila kusema neno. Ana adabu, ndiyo maana inaniuma zaidi.

Na siyo huzuni ya msiba, kwamba nina sababu. Ni kwamba hamu imekata. Mwanangu akirudi shule anaanza kunisimulia ya darasani, namwangalia mdomo tu, simsikii. Nyumbani nimekuwa mtu wa kukaripia au kunyamaza. Mambo ya chumbani sitaki hata kuyaandika, utanielewa wewe mtu mzima.

Baba Salma alivumilia kipindi kile majibu yalipokuwa mabaya. Alinipikia, alinisindikiza hospitali. Lakini tangu ile 2.6, kauli yake ni moja: "Si wamesema uko sawa? Sasa unataka nini?" Hasemi kwa ukali. Anaamini kwa dhati kwamba ugonjwa umeisha, na kilichobaki ni mimi kutomtaka. Nimejaribu kumweleza kwamba kipimo kinaonyesha kiasi cha homoni kwenye damu, hakionyeshi ninavyoamka asubuhi. Ananiangalia tu.

Halafu kuna wifi yangu aliyeolewa Zanzibar, kaniletea unga wa mwani, amesoma kwamba una madini joto mengi na tezi inayahitaji. Ni kweli unayo, lakini daktari kaniambia shida yangu siyo upungufu wa madini joto, chumvi ya dukani inatosha, na yakizidi yanaweza kuiharibu tezi zaidi. Unga uko kabatini, wifi ananuna. Hilo nitalimaliza mwenyewe.

Ninachokuomba ni hiki. Kwanza, nirudi kwa daktari nimwambie waziwazi kwamba moyo wangu hauko sawa? Naogopa ataniona msumbufu, au ataniongezea dozi tu, na nimeshaambiwa dozi ikizidi moyo unakwenda mbio na mifupa inadhoofika. Huenda siyo thairoidi tena, ni upungufu wa damu, maana hedhi yangu ilikuwa nzito sana kabla ya dawa na sijapimwa wingi wa damu tangu wakati ule. Au ni sonona iliyokuja pamoja na tezi na inataka matibabu yake yenyewe. Nitaanzaje kulitamka neno hilo mbele ya daktari, na mbele ya mama mkwe ambaye atasema nimepagawa?

Pili, mume. Nafikiria kumwomba twende wote kliniki asikie kwa masikio yake, lakini nahofia ataona nimempeleka akasemwe. Wewe ungemwambiaje?

Tatu, hizi sare. Shule moja inataka oda ya darasa zima. Nikiikataa nampoteza mteja wa miaka mingi, nikiichukua sijui kama nitaimaliza. Kama kuna wasomaji wako wanaomeza vidonge hivi na wanafanya kazi ya mikono, naomba waniambie wanaigawaje siku yao, na kama kuna siku uchovu huu ulikuja ukawaachia.

Mama Salma,
Morogoro