Urefu wa nyoka si kipimo cha dozi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wasomaji wa Tanga, hasa wa Muheza, Korogwe na Pangani, ambako palizi ya masika huwakutanisha watu na nyoka. Mtu akiumwa, swali la kwanza ni "alikuwa mkubwa kiasi gani?" Likijibiwa kuwa alikuwa kama kidole, mgonjwa hunyweshwa maziwa akalazwa mkekani. Likijibiwa kuwa alikuwa kama mchi, nyumba nzima hulia. Majibu yote mawili yanapotosha.

Ukubwa una maana yake. Sumu hukaa katika tezi mbili nyuma ya macho, na tezi hizo hukua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja. Sanduku la sentimita 10 kila upande hubeba lita 1. La sentimita 20 kila upande hubeba lita 8. Kwa nyoka wa aina moja mambo huenda karibu hivyo hivyo: akirefuka maradufu, nafasi ya sumu huongezeka si mara mbili bali karibu mara nane. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, huzaliwa na sentimita 15 hadi 20. Akishapevuka na kukaribia mita moja, akikamuliwa hutoa kwa kawaida miligramu 100 hadi 350 za sumu iliyokaushwa, na wapo waliotoa hadi 750. Kwa hiyo ile habari kwamba kinda ni hatari kuliko mama yake kwa kuwa hajui kujizuia, si kweli. Hata akimwaga yote, yote yake ni tone.

Lakini hesabu hiyo haivuki kutoka aina moja kwenda nyingine. Koboko wa mita mbili na nusu hutoa kwa wastani miligramu 100 hadi 120 tu, yaani hamzidi kifutu mfupi mnene. Kinachomtofautisha ni ukali: miligramu 10 hadi 15 za sumu yake zinakadiriwa kutosha kumuua mtu mzima. Kinda wake huanguliwa na sentimita 40 hadi 60, akiwa na sumu tayari. Hapo ndipo mtoto wa nyoka ni nyoka. Kifutu wa msituni, yule wa Usambara mwenye michoro kama majani makavu, ana kichwa kipana kama kiganja na meno yanayofikia sentimita 5. Yeye hutoa mamia ya miligramu, mkubwa sana akapita 2,000. Kuna pia yule mweusi mwembamba anayechimbuka pamoja na mihogo, mara nyingi hata nusu mita hafiki. Usimshike hata nyuma ya kichwa, maana jino lake hutokea ubavuni mwa mdomo bila mdomo kufunguka. Sumu yake ni kidogo, lakini kidole huweza kuoza.

Tena, tezi iliyojaa si sumu iliyoingia mwilini. Nyoka huweza kuuma bila kutoa chochote, na huweza kuuma mara ya pili akiwa bado na akiba. Tezi iliyokamuliwa huchukua wiki kadhaa kujaa, lakini mng'ato mmoja ni nadra kuimaliza.

Ndiyo maana dozi ya dawa ya hospitali ya kuzima sumu ya nyoka haipangwi kwa urefu aliousimulia shahidi mwenye hofu, bali kwa dalili: uvimbe unaopanda, damu isiyoganda, kope zinazolegea, mate yasiyomezeka. Na hili tunaomba lisomwe mara mbili: mtoto hupewa dozi ile ile ya mtu mzima. Dawa hii inafuta sumu, na nyoka hakupunguza sumu kwa kuwa mtoto aliyeumwa ana kilo 12. Ukigawanya chupa kwa uzito wa mtoto, sumu inabaki, tena katika mwili mdogo ambao tayari umebeba zaidi kwa kila kilo. Adrenalini ivutwe kwenye sindano kabla dawa haijaanza kuingia, kwa sababu mzio huweza kutokea kwa mgonjwa yeyote.

Nyumbani, vueni pete, bangili na saa kabla uvimbe haujafika. Fungeni ubao kando ya kiungo kisitikisike, bila kamba ya kukaba damu, bila wembe, bila jiwe jeusi. Aliyetemewa mate na swila aoshwe macho kwa maji mengi dakika 15 hadi 20. Nyoka msimbebe hata akiwa amekufa, kwani kichwa kilichokatwa bado huuma. Picha ya mbali inatosha. Mgonjwa asitembee. Bodaboda inafaa, mradi akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma, kwa sababu aliyeumwa na koboko huweza kulegea na kuacha kupumua njiani. Ikitokea hivyo, simamisheni pikipiki, mlazeni chini, mpulizieni pumzi mdomoni, na asiachwe hadi msaada ufike.

Wafugaji na wakamuaji wa nyoka,
Muheza, Tanga