Usafi wa mashine ya kufulia, Jumamosi

Wapangaji wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Mliuliza kama mashine ya pamoja inaambukiza. Inaweza, ila si mara nyingi. Maji baridi na sabuni hupunguza wadudu wa upele, fangasi na vijidudu vya kuhara, hayawaui wote. Kibaya zaidi ni nguo mbichi kulala ndani ya mashine usiku kucha, na joto hili la Shangani!

Jumamosi saa 3 asubuhi, uani:

1. Mchango sh 2,000 kila chumba, uwe umefika Ijumaa jioni: jiki, glavu, brashi.
2. Vyumba vya chini mtasugua mpira wa mlango wa mashine, ndiko utelezi unakojificha. Vyumba vya juu: kamba na mabeseni.
3. Mashine itazunguka tupu, nyuzi 60, na kikombe kimoja cha jiki. Jiki isichanganywe na siki wala dawa ya choo. Hutoa gesi ya sumu.

Mwenye upele au mgonjwa wa kuhara ndani, nguo zake zifuliwe peke yake kwa nyuzi 60, zikauke kabisa. Kisichofulika, fungia kwenye ndoo yenye mfuniko siku 7. Wadudu wa upele kwa kawaida hawamalizi siku 3 nje ya mwili. Semeni tu, hakuna aibu. Kanga msizitie jiki, zitapauka.

Jibuni NAJA au SIJI na namba ya chumba, mwisho Alhamisi saa 2 usiku.