Barua ya malalamiko: menyu tuliyolipia tuihariri wenyewe haihaririki

Kwa Meneja,
Kampuni ya Usanifu na Uchapaji,
Mjini, Unguja.

YAH: MAFAILI YA MENYU KUKABIDHIWA KINYUME NA MAKUBALIANO

Assalaam alaykum, Ndugu Meneja.

Naandika kwa niaba ya mkahawa wetu wa Mkunazini, ambao mliutengenezea menyu, kadi za mezani na vipeperushi vya futari ya Ramadhani. Usanifu wenyewe ni mzuri, na nalitanguliza hilo ili isije ikadhaniwa nina ugomvi na vijana wenu wa kuchora. Rangi zimetulia, picha za viungo zinavutia, wageni wanaipiga menyu picha. Ninacholalamikia ni mafaili mliyotukabidhi.

Tulipopatana bei niliweka sharti, nanyi mkaliandika kwenye ankara: mteja atapewa mafaili ya wazi ili abadilishe maandishi mwenyewe. Sharti hilo tulililipia zaidi. Tulichopewa ni PDF ambayo kila herufi imegeuzwa kuwa mchoro. Ukibonyeza penye "pweza wa nazi" hupati neno la kufuta wala la kuandika, unapata mistari na vinukta vinavyozunguka umbo la p, kisha umbo la w. Hata ukilitafuta neno pweza, kompyuta inajibu kwamba halimo. Najua wachapaji hufanya hivyo kwa makusudi wanapopeleka kazi mashineni, ili fonti zisivurugike, na kwa kazi hiyo ni sawa kabisa. Lakini hilo ni faili la kwenda kuchapwa, halimfai mteja anayetaka kuhariri.

Nilipopiga simu mkatutumia faili la InDesign, programu ya kompyuta ya kupangia kurasa za kuchapwa. Hilo lilikuwa wazi kweli, ila lilikuja peke yake, bila fonti na bila picha. Kijana wetu wa hesabu aliazima kompyuta yenye programu hiyo, akalifungua, na maandishi yote yakaja yamepakwa rangi ya waridi, yaani fonti hazimo na programu imeweka nyengine badala yake. Fonti hiyo ni pana kuliko yenu. Maelezo ya biriani yakakatika katikati ya sentensi, na kwenye kona ya kisanduku ikatokea alama nyekundu ya kujumlisha, inayoonesha kuna maneno yamekosa nafasi. Tena programu yenyewe hulipiwa kwa usajili. Mkahawa wenye meza chache haununui usajili wa InDesign kwa ajili ya kubadilisha bei ya samaki changu.

Na bei zetu hazikai, hilo nilikuelezeni tangu siku ya kwanza. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, miamba hubaki wazi na pweza huletwa kwa wingi. Maji mafu yakiingia, yaani maji yasipokupwa sana, pweza anaadimika na bei inapanda. Kusi likichafuka, ngalawa hazitoki, na samaki wengine inabidi tuwaondoe kwenye menyu. Machi 2025, zilipotoka kanuni za kukataza bei kutangazwa kwa fedha za kigeni, ilitubidi tufute dola kuanzia ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho. Kila badiliko mmetutoza "ada ya marekebisho", na tumengoja zamu yetu nyuma ya wateja wenu wengine. Tukiwa tunangoja, tunabandika vikaratasi vyeupe juu ya bei za zamani. Mgeni mmoja alikibandua kimoja kwa ukucha, akaikuta chini yake bei ndogo zaidi, akamwita mhudumu mbele ya watu na kumuuliza kwa nini yeye anatozwa zaidi. Binti wa watu alisimama hana la kujibu. Nililazimika kutoka jikoni kwenda kuomba radhi kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa kuandika tarakimu mbili.

Lililonikera kuliko yote halihusu bei. Mpishi wetu alibadilisha chatini, akaanza kutia njugu nyasa. Wapo watu wakila njugu wanafura koo na kukosa pumzi, kwa hiyo neno hilo lilitakiwa liwemo kwenye menyu siku ile ile. Ofisi yenu ikajibu kwamba kazi itaingia wiki inayofuata. Chatini tukaiondoa mezani, kwa sababu sikuwa tayari kubahatisha na roho ya mtu.

Nimeambiwa na ofisi yenu kwamba wateja wakipewa faili wazi huharibu usanifu. Hofu hiyo naielewa, na dawa yake mnayo wenyewe. Fungeni leya, yaani tabaka za faili, zenye mapambo na nembo, muache ya maandishi peke yake. Wekeni mitindo ya aya, ili anayeandika bei mpya apate ukubwa na rangi ile ile bila kukisia. Visanduku vipewe nafasi ya ziada, maana maelezo yetu ya Kiitaliano ni marefu kuliko ya Kiswahili. Hakimiliki ya michoro sikudaini. Maneno na bei ni vyetu.

Kwa hiyo naomba mtukabidhi folda kamili iliyofungashwa na InDesign yenyewe, yenye faili, picha, fonti na nakala ya IDML, aina ya faili inayofunguka hata kwenye matoleo ya zamani ya programu hiyo. Fonti ziwe za leseni huria, kwa sababu zile za usajili wa Adobe, kampuni yenye InDesign, hazifungashwi pamoja na faili. Kisha, na hili ndilo tutakalolitumia kila siku, mtupatie menyu hiyo hiyo kwenye Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, au Word, maandishi yakiwa maandishi, na mtu wenu aje amuoneshe kijana wetu namna ya kubadilisha bei na kutoa PDF ya kuchapa. Ada zote za marekebisho mlizotutoza tangu makabidhiano zirejeshwe, kwa kuwa tulilipia kazi ambayo kwa mujibu wa ankara yenu tulipaswa kuifanya wenyewe.

Nangojea jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na nakala ya ankara kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Ningependa zaidi tumalizane wenyewe, kwani vipeperushi vya futari ya mwakani bado natamani mvitengeneze nyinyi.

Wenu katika biashara,

Msimamizi wa Mkahawa,
Mkunazini, Mji Mkongwe, Zanzibar.